Kompyuta ya Shule na Msaragambo wa Mbali

Sisi tunaoishi Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, tunajua kwamba chombo cha majini hakimaliziki kutengenezwa siku kinaposhushwa ziwani. Siku ile ndipo kazi inapoanza. Mbao hunywa maji, misumari hushika kutu, pamba iliyozibwa kwenye maungo hulegea. Mvuvi asiyekipandisha chombo chake mchangani mara kwa mara akakikagua, atakuja kuukumbuka wajibu wake akiwa katikati ya ziwa, usiku, upepo ukivuma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi wa ziwani, usipoziba ufa huipati hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.

Nimeanza na chombo cha majini ingawa habari ninayotaka kuisimulia ni ya kompyuta. Ndugu msomaji asishangae. Nilichokuja kujifunza uzeeni juu ya mashine hizi, mafundi wa mitumbwi wa hapa wangeweza kunifundisha tangu ujana wangu, kama ningekuwa na akili ya kuwauliza.

Mwaka 2008 shule niliyokuwa naiongoza ilipata kompyuta moja iliyokwisha tumika, zawadi ya mtu mwema. Tuliiwasha kwa umeme wa jua, saa mbili au tatu kwa siku, mawingu yakiruhusu. Nilikuwa nimebakiza miaka michache ya kustaafu, na nakiri kwamba niliipenda mashine ile kama mtoto anavyopenda baiskeli mpya. Orodha za wanafunzi, mahudhurio, barua, alama za mitihani, vyote niliviingiza humo kwa vidole viwili. Nikaanza kudharau madaftari. Wanafunzi waliohamia kwetu kutoka shule nyingine mwaka uliofuata niliwaandika kwenye kompyuta tu. Rejesta, nilijiambia, nitaijaza baadaye.

Kompyuta ile ilikuwa na Windows iliyowekwa na duka moja mjini Mpanda. Haikuwa na leseni. Ilikuwa nakala ya nakala, kama zilivyokuwa nyingi katika nchi yetu siku zile. Sikulijua hilo, na kama ningelijua sidhani kama ningejali. Basi ikawa kwamba flashi iliyopita katika kompyuta nyingi za mjini ililetwa shuleni ikiwa na kirusi. Kwa muda wa wiki moja mafaili yakaanza kupotea machoni, mashine ikawa nzito, mwishowe ikakataa kuwaka kabisa. Nikaipeleka mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100 juu ya lori. Fundi hakuniuliza neno. Aliifuta yote, akaweka Windows nyingine ya aina ile ile, akanirudishia ikiwa safi kama ubao uliofutwa. Naye simlaumu sana. Mimi sikumwambia kwamba kila kitu changu kilikuwa humo, na humo tu.

Muda wa kupeleka majina ya watahiniwa wa darasa la saba ulikuwa umefika. Tuliyaandika upya kwa mkono, usiku, kwa taa ya chemli, tukifuata rejesta. Yaliyokuwamo katika rejesta yalikwenda. Jina la msichana mmoja aliyehamia kwetu Januari halikuwamo, maana nilikuwa nimeliandika ndani ya kompyuta peke yake. Tuligundua orodha iliporudi na namba za mtihani. Nikafuatilia, nikaambiwa muda umepita. Septemba ile ya 2009 wenzake waliingia chumba cha mtihani. Yeye alikaa chini ya mwembe nje ya uzio, amevaa sare iliyofuliwa, kwa kuwa baba yake alikuwa bado na tumaini kwamba mwalimu mkuu angefanya jambo. Mwalimu mkuu hakuwa na la kufanya. Msichana alirudia darasa mwaka mzima kwa kosa langu mimi.

Nimelisimulia hili ili msomaji aelewe kwa nini mzee wa umri wangu alijisumbua kujifunza mambo ya mifumo ya kompyuta. Sikuvutwa na usasa. Nilivutwa na deni.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kompyuta ina vyuma, na ina programu za kuandikia, kuhesabia na kadhalika. Kati ya vyuma na programu hizo kuna programu kuu inayoitwa mfumo endeshi. Huu ni kama mwalimu wa zamu. Ndiye anayegonga kengele, ndiye anayesema nani aingie chumba gani, ndiye anayegawa chaki na kuangalia kwamba darasa moja halivamii jingine. Mwalimu wa zamu akiwa mgonjwa, hata walimu hodari namna gani, shule haiendi. Windows ni mfumo endeshi wa namna hiyo, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Watumiaji hawaruhusiwi kutazama jinsi ulivyoandikwa, wala kuubadili, wala kumpa jirani nakala. Ni kama kununua mtumbwi uliopigwa misumari kifuniko juu ya mbavu zake, ukaambiwa ukivuja umwite aliyeuunda, naye anaishi ng'ambo.

Si watu wote waliokubali mpango huo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika Chuo cha MIT huko Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Richard Stallman alisumbuliwa na mashine ya kuchapia iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Alijua jinsi ya kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu inapokwama, maana mashine iliyotangulia alikuwa ameifanyia hivyo hivyo. Lakini safari hii alinyimwa maandishi ya programu. Jambo dogo, karatasi kukwama. Yeye aliliona kubwa: fundi anayejua kuziba ufa ananyimwa ruhusa ya kuuziba. Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima ambao mtu yeyote angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Aliuita GNU. Mwaka 1989 ilitoka leseni yake mashuhuri, ambayo kwa ufupi inasema: chukua, rekebisha, mpe mwenzako, ila mwenzako naye umpe haki zile zile ulizopewa wewe.

Mfumo wa Stallman ulikuwa umekamilika karibu sehemu zote isipokuwa kiini chake. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anaandika kiini kama hicho kwa kujifurahisha. Toleo la kwanza, la Septemba mwaka ule, lilikuwa na mistari kama 10,000 tu. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ile ya Stallman, na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso, wakaanza kukiongeza na kukisahihisha. Ndiyo Linux. Agosti 1993 kijana mwingine, Ian Murdock, alianzisha kazi ya kukusanya kiini hicho na programu za GNU katika kifurushi kimoja kinachotunzwa na watu wa kujitolea. Akakiita Debian, kwa kuunga jina la mchumba wake, Debra, na lake mwenyewe.

Nilipoelezwa habari hizi mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilikuwa nazijua. Sisi tuliokuwa vijana wakati wa Azimio la Arusha la 1967 tuliifahamu kazi ya namna hiyo, tukaiita msaragambo. Kengele inalia, kila kaya inatoa mtu na jembe, barabara inalimwa au darasa linajengwa, na likishajengwa halina mwenyewe kwa kuwa ni la wote. Tofauti ni kwamba katika msaragambo huu hakuna katibu wa tawi anayepita kuandika majina ya waliokosa. Mtu huja kwa hiari yake, na anayeleta kazi mbovu hurudishiwa mbele ya watu wote. Nakumbuka msaragambo wetu mwingi ulikufa palipoingia amri badala ya hiari. Huenda wale wa Helsinki na Marekani walifaulu pale tuliposhindwa kwa sababu hiyo.

Lakini msaragambo una kasoro moja. Darasa likishajengwa, nani ataliezeka upya baada ya miaka mitano? Watu hupenda sherehe ya kuweka jiwe la msingi kuliko kupanda juu ya paa linalovuja. Nitalirudia jambo hili.

Kijana aliyenifungua macho alikuwa mtoto wa mvuvi wa hapa hapa, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa akisoma chuo mbali na hapa. Alikuja likizo ya Desemba 2010.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akatoa mfukoni bahasha nyembamba ya karatasi ngumu yenye diski ndani yake. Ilikuwa imeandikwa Ubuntu. Aliniambia ametumiwa kwa posta kutoka Ulaya, bure, hata gharama ya stempu hakudaiwa. Sikuamini. Nilidhani ametapeliwa, au yeye ndiye anataka kunitapeli. Lakini ilikuwa kweli. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alikuwa ameuza kampuni yake mwishoni mwa 1999 kwa dola milioni 575, akasafiri angani Aprili 2002, kisha akatumia sehemu ya utajiri wake kuanzisha kampuni iliyochukua kazi ya Debian na kuifanya rahisi kwa watu wa kawaida. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni hiyo ilimpelekea diski bure aliyeomba, popote alipo. Jina Ubuntu ni neno la lugha za kusini mwa Afrika. Halihitaji kamusi kwa Mswahili: ni ndugu wa neno letu utu.

Tuliiweka diski ile katika kompyuta ya shule. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mfumo uliwaka moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kugusa chochote kilichokuwa ndani ya mashine. Kijana aliniambia, "Uujaribu kwanza, Mwalimu. Usipokupendeza tutatoa diski, na mashine itabaki kama ilivyokuwa." Nilikaa siku mbili nikiujaribu. Siku ya tatu nikamwambia aendelee. Lakini kabla ya yote alinikalisha kitini, akanifanya ninakili kila faili kwenye flashi mbili. "Moja ikae kwako, moja kwa mwalimu wa taaluma." Nilitii kama mwanafunzi.

Kazi yenyewe ilikuwa na hatua chache. Mashine iliuliza lugha. Ikauliza mahali tulipo, ikatoa ramani ya dunia, na kijana akagusa Dar es Salaam ili saa iwe sahihi. Ikauliza aina ya kibodi. Kisha likaja swali zito kuliko yote, la kuigawa diski ngumu ya ndani: je, mfumo mpya uchukue diski nzima, au uachiwe sehemu? Hapa ndipo wengi huangamiza kazi zao, kwa kubonyeza bila kusoma. Tulichagua diski nzima, kwa kuwa tulikwisha kunakili. Mwisho ikauliza jina la mtumiaji na nywila. Tukasubiri kiasi cha nusu saa huku jicho moja likitazama betri ya umeme wa jua, maana umeme ukikatika katikati ya kazi kama ile ni sawa na kushusha mtumbwi ubavu mmoja ukiwa wazi. Haukukatika. Mashine ikatutemea diski, ikajizima, ikawaka upya. Programu ya kuandikia, ya kuhesabia, ya picha, zote zilikuwa zimo tayari.

Nilitaka kushangilia. Kijana akasema, "Bado, Mwalimu. Sasa ndiyo tunaanza." Maneno ya fundi wa mitumbwi hasa.

Alinieleza kwamba hakuna programu isiyo na nyufa. Watu wanaoitunza huzigundua kila wiki, huziziba, na kuweka viraka kwenye maghala yao katika intaneti. Kompyuta iliyo karibu na intaneti huvichukua yenyewe. Yetu haikuwa karibu na kitu chochote. Kwa hiyo tulibuni utaratibu. Mwanzoni mwa kila muhula niliiamuru mashine iandike katika flashi orodha ya viraka ilivyovihitaji. Flashi ilisafiri na mwalimu aliyekwenda Mpanda. Pale, katika duka la intaneti, vilipakuliwa mchana kutwa, kisha flashi ikarudi na lori na viraka vikawekwa. Mara mbili lori lilikwama kipindi cha masika tukangoja wiki tatu. Mara moja mwalimu alivipakua vya mashine ya aina nyingine, havikukubali, tukaanza upya. Haikuwa kazi ya kupendeza, wala hakuna aliyepigiwa makofi kwa kuifanya. Hata hivyo, mashine iliyoanguka mwaka 2009 baada ya miezi michache tu, sasa ilifanya kazi mwaka baada ya mwaka. Virusi vya kwenye flashi viliendelea kuja, lakini vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo kwetu vilikuwa kama mbegu juu ya jiwe. Nisiseme uongo: mfumo huu nao una maadui zake, na flashi iliyopita kwetu iliweza bado kubeba kirusi hadi kwa jirani. Kutougua kwako si sababu ya kumwambukiza mwenzio.

Nililogundua baadaye ni kwamba kila toleo lina umri wake. Lile letu, la Aprili 2010, lilitunzwa na wenyewe kwa kompyuta za mezani hadi 2013, basi. Baada ya hapo hakuna kiraka. Tulipotazama toleo lililofuata tuliliona zito kwa mashine yetu kongwe. Wakati huo nimekwisha staafu, lakini mwalimu mkuu aliyenipokea aliniomba nisaidie. Kijana yule, sasa ni mtu mzima mwenye kazi, akatushauri turudi kwenye Debian yenyewe, toleo la 7 lililotoka Mei 2013. Hiyo hupatikana katika mkusanyo wa diski nyingi zenye ghala zima la programu ndani yake, nasi tusio na intaneti tukaweza kuweka tutakacho bila kupanda lori. Tuliweka na sura nyepesi ya skrini. Kompyuta ile iliendelea hadi 2017, ilipokufa kifo cha vyuma, si cha programu. Mafaili yote yalikuwa salama mahali patatu.

Msomaji ataniuliza: je, na lugha? Watoto wetu husoma kwa Kiswahili, na kompyuta zinasema Kiingereza. Hili nalo lina historia yake, na ni historia ya kwetu.

Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mashine hizo kuvuruga hesabu za serikali, ilipigwa marufuku kuziingiza nchini bila kibali, na marufuku hiyo haikulegezwa mpaka miaka ya themanini. Kizazi changu cha walimu kilikulia katika miaka hiyo. Siicheki serikali ya wakati ule. Ilikuwa imenunua kitu ambacho hakuna mwananchi aliyeweza kukifungua na kukirekebisha. Mashine zenyewe hazikuwa na hatia. Tulikuwa hatuna mafundi wetu, wala maneno ya kuwafundishia.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilianza mradi ulioitwa Kilinux. Walichukua programu ya ofisi ya OpenOffice, ambayo ni huria, wakaifasiri kwa Kiswahili, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilihitajika kutunga na kukusanya mamia ya istilahi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu. Hakuna aliyepiga magoti kuomba ruhusa. Microsoft nayo ilileta Kiswahili katika Windows yake mwaka 2005, jambo zuri, lakini lango lilikuwa mikononi mwake, afungue akitaka. Lile la Kilinux hata mwalimu wa shule ya msingi angeweza kulisahihisha.

Mimi mwalimu wa Kiswahili naongeza neno moja. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa, na wenyewe wa programu hizi wamehangaika miaka mingi kueleza ni lipi wanalokusudia. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kina bure, na kina huru. Wataalamu wetu waliposema programu huria, walimaliza kwa neno moja ubishi wa miaka ishirini. Waliotuambia kwamba lugha yetu haiwezi sayansi wangeutafakari mfano huo.

Hata hivyo tafsiri nayo ni mtumbwi. Programu hutoa toleo jipya, maneno mapya yanazaliwa, na wasipokuwapo watu wa kuyafasiri kila mara, skrini inakuwa chotara, Kiswahili nusu na Kiingereza nusu. Fedha za mradi hufika mwisho wake, na mradi ukifika mwisho watu hurudi makwao. Hilo ndilo paa nililolitaja. Wafadhili hupenda uzinduzi. Matengenezo hayana utepe wa kukata.

Sitaki kuwapamba hawa watu wa huria kupita kiasi. Bure haikuwa bure kwetu: tulilipa nauli, muda wa duka la intaneti, na jasho. Mashine ya kuchapia tuliyopewa na mfadhili mwingine haikuelewana na mfumo wetu, ikabaki pambo. Msaada wa jumuiya upo mwingi, lakini uko katika intaneti na kwa Kiingereza, na mwenye kisima hajui kiu ya aliye mbali nacho. Vijana wetu wengi wanauliza, "Mwalimu, nikienda kuomba kazi mjini wanataka Windows. Hii itanisaidia nini?" Swali la haki. Nimewajibu kwamba aliyejifunza kuziba nyufa za mtumbwi mmoja hatashindwa na mtumbwi mwingine, lakini najua kwamba jibu langu halijazi fomu ya kazi.

Na bado mambo yamekwenda mbele kuliko tulivyofikiri. Simu nyingi za kugusa wanazotumia wavuvi wa hapa kupigiana bei ya dagaa na migebuka zinaendeshwa na Android, ambayo tangu ilipotoka mwaka 2008 imejengwa juu ya kiini kile kile cha Torvalds. Mjini Eldoret, nchini Kenya, tangu 2006 kumbukumbu za wagonjwa zilianza kutunzwa kwa programu huria iitwayo OpenMRS. Takwimu za afya za Tanzania nzima nazo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hiyo mvuvi anayeniambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu, anayo mfukoni mwake.

Nimalizie kwa meli. Watu wa mwambao huu wote wanaijua Liemba, iliyopita mbele ya vijiji vyetu kizazi baada ya kizazi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku kama 5,000 na kuungwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma mwaka 1916 waliizamisha wenyewe wasiiache kwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina tunalolijua. Mafundi wale hawakujua nani ataiibua. Walimwachia fundi ajaye, awe nani, chombo kinachotengenezeka.

Hilo ndilo ninalowaachia walimu wenzangu, hata wasiotaka kusikia habari za Linux. Tumieni mfumo mnaouweza, lakini ulizeni kwanza: ukiharibika, nani ataufungua? Andikeni rejesta kwa kalamu. Nakala moja si nakala. Zitunzeni tatu, na moja isilale chini ya paa moja na nyingine.

Msichana yule alifanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu. Nilikwenda kwa baba yake siku matokeo yalipotoka, nikamwomba radhi, maana mwaka uliotangulia niliona haya kwenda. Alinisikiliza, akaniambia, "Mwalimu, mwaka wa mtoto haurudi." Kisha akanikaribisha samaki. Nilikula. Flashi ya tatu ya shule ilikaa nyumbani kwangu, imefungwa kwenye nailoni, imetundikwa msumarini juu ya kitanda, na kila mwanzo wa muhula aliyekuja kuichukua alikuta nimeshasimama mlangoni.